UZI: Ulimi ukigeuka ukiwa kwenye kemo (matibabu ya saratani kwa dawa). Wagonjwa na mnaowapikia, njooni tupeane mbinu

Kibwebwe (mwanzisha uzi)

Habari zenu wadau. Kwenye ule uzi wa saratani ya matiti kuna dada aliuliza swali likapita hivihivi, bi mkubwa wake kaanza kemo na saivi kila anachopikiwa anasema kinanuka au kina kutu, mpaka ndugu wameanza kunong'ona kwamba anadeka. Nikaona nifungue uzi kabisa maana hili watu hawaliongelei, wote wanaongelea nywele. Nywele zinaota jamani. Mtu akiacha kula ndo kasheshe, kilo zinakatika, nguvu ya kuhimili dawa inaisha, daktari inabidi apunguze dozi au aisogeze mbele.

Mimi nilianza na zile dawa nyekundu za dripu (kama doksorubisini) pamoja na siklofosfamidi, alafu nikahamia paklitakseli, kwaiyo ninachosema hapa nakisema kwa ulimi wangu mwenyewe.

Mama hadeki. Dawa ya kemo inawinda chembe zinazojigawa haraka, na kansa ni moja tu ya hizo. Mizizi ya nywele, uboho, ngozi ya ndani ya mdomo na tumbo, zote zimo. Chembe za ladha kwenye ulimi kwa kawaida zinafanywa upya kila baada ya kama siku 10 hadi 14, sasa dawa ikipita hapo zile mpya zinachelewa kuja. Mate nayo yanapungua, na chakula kisipoyeyuka kwenye mate ulimi hauwezi kukisikia. Na kuna dawa unaionja kabisa wakati dripu inaingia, hujala kitu lakini mdomo mzima una chuma.

Kitu kikubwa ninachotaka kusema ni hiki: msipike kwa kufuata jana alipenda nini, pikeni kwa kufuata yuko siku ya ngapi tangu dozi. Kwa wale wa kila baada ya wiki 3 mara nyingi inaenda hivi, siku za mwanzo ni kichefuchefu na harufu, hapo lengo ni maji na vitu vyepesi tu visivyo na harufu, usimpigie hesabu ya sahani. Wiki ya pili chembe nyeupe za damu, zile za kinga, ziko chini na vidonda vya mdomoni vinaweza kujitokeza, hapo ni vilaini, vilivyopoa kidogo, visivyo na pilipili wala ndimu, na usafi wa hali ya juu. Wiki ya tatu ulimi unaanza kurudi, HAPO NDO MUDA WA KULA, hapo mpikieni haswa, nyama, mayai, samaki, maharage, hata kama ni saa nne usiku akisema nasikia hamu ya wali nazi basi jiko liwashwe. Kila mtu ana ratiba yake lakini, nunueni daftari la shule muandike siku ya dozi, alikula nini, nini kilimkataa. Dozi ya tatu ikifika mnakuwa mnajua kabisa mnaelekea wapi.

Na jambo moja watu wanalifanya kwa upendo linaharibu: kumpikia chakula anachokipenda kuliko vyote siku ya dripu ili "apate hamu". Usifanye ivo! Akitapika nacho, akili inakiunganisha na kutapika na anaweza akakichukia miezi na miezi. Pilau ya mama iache ipumzike, mpe uji.

Vijiko. Kama anasikia chuma, weka vijiko vya bati pembeni, tumia vya plastiki au vya mti, na sufuria ya alumini kama una chungu basi chungu. Mimi kijiko cha uji cha mtoto cha plastiki cha rangi ya chungwa ndo kilikuwa changu, wageni wakija wananiangalia tu.

Nyama nyekundu ndo inayoongoza kwa kusingiziwa kutu. Usilazimishe. Hamia kwenye yai, kuku, samaki asiye na shombo, maharage, choroko, karanga, maziwa, mwili unataka protini haujali imetoka kwa ng'ombe au kwa kunde. Kama lazima iwe nyama basi ilaze kwenye ndimu na tangawizi na kitunguu saumu, ipike, alafu mpe ikiwa imepoa, chakula cha moto kinarusha harufu cha baridi hakirushi.

Kingine nitaongeza kadri mnavyouliza.

Kaka wa Uyole

Dada ubarikiwe. Swali, mke wangu anasema maji ndo yanamshinda kuliko chakula, maji matupu anasema machungu yana ladha ya sarafu. Tufanyeje maana daktari kasema anywe sana

Kibwebwe

Kaka Uyole pole, hiyo ya maji naijua. Yakatie vipande vya tango au limao yalale kidogo, au chemsha choya (rozela) iwe nyepesi sukari kidogo, au maji ya ukwaju, ule uchachu unafukuza chuma. Dafu kama mnapata. Supu nayo ni maji, uji mwepesi ni maji, tikiti ni maji, sio lazima yawe kwenye glasi. Ila kama ana vidonda mdomoni achana na ukwaju na limao mpaka vipone, utamchoma bure.

Na kabla hajala asukutue. Maji ya uvuguvugu lita moja, kijiko kimoja cha chai cha chumvi na kimoja cha beking soda, asukutue ateme, mara nne tano kwa siku. Beking SODA, sio beking pauda, na sio magadi ya kupikia maharage, hayo ni makali mno. Zile dawa za kusukutua za dukani zenye spiriti aziache, zinakausha mdomo na kuchoma.

Nesi Mstaafu

Mwanzisha uzi umeeleza vizuri. Naongeza mawili kama mtu niliyekaa wodini.

La kwanza, angalieni ulimi kwa tochi ya simu. Mkiona utandu mweupe unaoganda, au akimeza anasikia maumivu, hiyo mara nyingi ni fangasi, nayo inaua ladha kabisa. Ina dawa, mwambieni daktari, msikae nyumbani mkilaumu kemo.

La pili, usafi wa wiki ya pili. Kinga iko chini kuanzia kama siku ya 7 hadi ya 14 kwa dawa nyingi. Hakuna kachumbari ya barabarani, hakuna juisi ya miwa ya kibanda yenye barafu lisilojulikana limetoka wapi, hakuna mishkaki iliyoiva nje ndani inavuja. Na hii nasema kwa herufi kubwa kwa sababu naikuta kila kona, YAI BICHI LA KIENYEJI NA ASALI HAPANA. Yai lichemshwe mpaka kiini kigande. Maziwa yachemke. Mtindi chukueni wa maziwa yaliyochemshwa, sio ule wa kibuyu wa maziwa mabichi. Matunda yaoshwe na kumenywa. Joto likifika nyuzi 38 hiyo sio malaria ya kusubiri asubuhi, msimpe panadoli kuishusha mkalala, hospitali usiku huohuo na mseme mlangoni kwamba huyu yuko kwenye kemo.

Gathoni wa Ruiru

Niko Kenya hapa, asanteni sana kwa hii thread. Babangu ako na kansa ya utumbo mkubwa na mtu wa hospitali jirani yetu alituambia anyonye barafu ndio mdomo usitoke vidonda. Sasa juzi kupeana tu maji ya friji alilia, akasema koo inajifunga na vidole zinachoma. Je barafu ni mzuri ama ni mbaya?

Kibwebwe

Gathoni dada, inategemea dawa. Angalia kadi yake au uliza nesi, dawa inaitwaje?

Gathoni wa Ruiru

Nimeangalia, imeandikwa oksaliplatini na fluorourasili

Nesi Mstaafu

Hapo hapo. Oksaliplatini inafanya mishipa ya fahamu iogope baridi. Baridi yoyote, maji ya friji, soda ya baridi, hata kushika chupa iliyotoka kwenye friza au upepo wa asubuhi usoni, anasikia koo linabana na vidole vinachoma. Inatisha ila hali hiyo ya baridi kwa kawaida inapungua siku chache baada ya dozi. Kwaiyo mzee barafu MARUFUKU, kila kitu kiwe cha joto la chumba au uvuguvugu, avae glavu akifungua friji. Ganzi ya vidole isiyoisha kati ya dozi na dozi mwambieni daktari.

Jirani hakudanganya, ila ni ushauri wa mgonjwa mwingine. Fluorourasili ikichomwa peke yake kwa sindano ya haraka, wagonjwa hunyonya barafu kuanzia dakika 5 kabla na kuendelea kama nusu saa, mishipa ya mdomo inasinyaa dawa inafika kidogo, vidonda vinapungua. Sasa mzee wako anapewa zote mbili, na oksaliplatini inashinda. Ndo maana siku zote nasema ushauri wa mitandaoni uje na jina la dawa.

Gathoni wa Ruiru

Woi asante sana. Nitamwekea chai ya tangawizi ya vuguvugu badala. Mungu awabariki

TibaAsili Mkombozi

Mnahangaika na kemo wakati majani ya mstafeli yanamaliza kansa yote. Na mjue sukari ndo chakula cha kansa, ukimnyima mgonjwa sukari, ugali, wali na matunda kansa inakufa njaa. Njoo inbox unga upo, dozi miezi mitatu

Kaka wa Uyole

Mkuu ungekuwa na dawa ungekuwa unauza inbox kweli? 😂

Nesi Mstaafu

Nitamjibu sio kwa ajili yake, kwa ajili ya dada anayesoma saa nane usiku akiwa na hofu. Stafeli kuua chembe za kansa kwenye chupa za maabara ni jambo moja, hata jiki inaua chembe kwenye chupa. Hakuna utafiti kwa wagonjwa uliothibitisha kwamba inaponya kansa. Na unga wa majani kila siku unapita kwenye ini lilelile linalochakata kemo, kwaiyo chochote cha asili mnachompa daktari akijue. Hata balungi, tunda la kawaida kabisa, linavuruga jinsi baadhi ya dawa zinavyovunjwa mwilini.

Kuhusu sukari, chembe zote za mwili zinatumia sukari, ubongo kwanza. Ukimnyima chakula mwili unaivunja misuli kutengeneza sukari hiyohiyo, na misuli ndo inayomsimamisha mgonjwa. Mwenye kisukari ndo aangaliwe kwa karibu, hasa zile siku za deksamethasoni, ile steroidi inayotolewa pamoja na kemo, maana inapandisha sukari. Wengine wote, uji wenye sukari kidogo sio adui. Mgonjwa aliyeko kwenye kemo kupungua kilo 3 kwa mwezi kutoka kilo 60 ni jambo la kumwambia daktari, sio jambo la kushangilia kwamba kansa inakufa njaa.

Kibwebwe

Nakazia hapo. Mimi kuna shangazi alikuja na hiyo ya kuninyima wali na matunda, nikamwambia shangazi nakuheshimu sana ila sahani irudishe.

Tuongelee ujazo sasa maana mgonjwa anakula vijiko vinne anasema nimeshiba, kwaiyo hivyo vinne viwe vizito. Uji wa ulezi, ukishaiva tia vijiko viwili vya unga wa maziwa na kijiko cha siagi ya karanga, koroga, bakuli ni lilelile ila shibe ni mara mbili. Parachichi lisage na maziwa na tende. Supu ipasulie yai litokotee mpaka ligande. Viazi ponda na siagi. Mara sita kidogokidogo, kila baada ya masaa mawili matatu, na asinywe maji mengi katikati ya chakula yanajaza tumbo. Kama asubuhi ndo anaweza kula basi chakula kikubwa kiwe asubuhi, nani kasema makande ni ya usiku?

Lishe Kwanza

Mimi ni mtu wa lishe, nimefurahi kukuta uzi wenye akili. Naweka hesabu kidogo. Miongozo ya lishe ya wagonjwa wa saratani inataka protini zaidi ya gramu 1 kwa kila kilo ya uzito kwa siku, ikiwezekana mpaka 1.5. Mtu wa kilo 60 ni kati ya 60 na 90. Yai moja lina kama 6, glasi ya maziwa kama 8, kikombe cha maharage yaliyopikwa kama 15. Kwaiyo mayai mawili, glasi mbili za maziwa na kikombe cha maharage, tayari yuko kwenye 43 na hajagusa nyama. Vile vinywaji vya makopo vya lishe ni vizuri kwa anayeweza, lakini bei yake jamani... uji wa Kibwebwe unafanya kazi ileile kwa wengi.

Kurekebisha ladha fanyeni hivi mezani palepale msisubiri kupika upya. Kitu kimekuwa kitamu mno, kamulia ndimu au tia chembe ya chumvi. Kimezidi chumvi au kichungu, tia sukari kidogo au tui la nazi. Hakina ladha kabisa, hapo ndo mahali pa dania, bizari, kitunguu saumu, mdalasini, ukwaju. Na dagaa kama harufu inamtapisha msimkaangie ndani ya nyumba, jiko la mkaa litoke uani na mlango ufungwe, au wasage wawe unga utie kijiko kwenye mboga ya karanga, hatajua.

Ila jambo linalosahaulika kuliko yote, vidonge vya kichefuchefu. Watu wanapewa ondansetroni wanaiweka kabatini "mpaka nitapike". Imezeni kwa saa mlizoandikiwa, kichefuchefu kikishapanda kukishusha ni kazi. Na inafunga choo, kwaiyo mapapai na maji.

Mpemba wa Muscat

Assalaam alaykum. Bi mkubwa wangu anapata matibabu huku Muscat, ananambia nataka nifunge Ramadhani, mie namwambia mama Mungu kasema mwenyewe katika Al-Baqarah mgonjwa atimize siku nyengine, hataki kusikia. Chakula huku ashakichoka chote ila loomi, zile ndimu kavu, nikimchemshia na sukari kidogo anakunywa bilauri nzima. Na laban (maziwa mgando ya kunywa) baridi. Halua haitaki kuiona, yeye alokuwa mtu wa halua!

Kibwebwe

Waalaykum salaam kaka. Loomi si ndo uchachu uleule, mpe tu kama mdomo hauna vidonda, na laban angalia tu iwe ya dukani iliyochemshwa na kwamba hayuko kwenye oksaliplatini. La funga mpelekee imamu wa hapo aongee nae akiwa pamoja na daktari, wazee wetu wakiambiwa na mtoto hawasikii, akiambiwa na shehe ataelewa. Siku za kemo bila maji figo zinaumia, hasa kama anapewa ile dawa ya kemo inayoitwa sisiplatini.

Mpemba wa Muscat

Shukran, nitafanya hivyo in shaa Allah. Anapewa paklitakseli, nimeuliza.

Bint Chalinze

Jamani mimi ndo yule dada niliyeuliza kule 🙏 nimesoma wote. Sasa jana mama kakojoa mkojo mwekundu tukapiga kelele nyumba nzima, ndo yuko kwenye hizo nyekundu, na tulikuwa tunampa juisi ya bitiruti na rozela ya kuongeza damu kila siku

Nesi Mstaafu

Dawa nyekundu inapaka mkojo rangi, kwa kawaida siku moja mbili baada ya dripu, na bitiruti nayo inapaka. Siku za dozi simamisheni bitiruti ili msichanganye mambo. Ikipita siku mbili mkojo bado mwekundu, au anaumia akikojoa, au kuna mabonge, hiyo ni ya hospitali, siklofosfamidi inaweza kuumiza kibofu na ndo sababu anaambiwa anywe maji na akojoe mara kwa mara. Na bitiruti haipandishi chembe nyeupe jamani, inywe kama juisi tu ukipenda.

Bint Chalinze

Leo umeshakuwa msafi. Asante mama. Ladha itarudi lini lakini? Kaniuliza jana nikakosa jibu

Kibwebwe

Mwambie inarudi, kwa wengi inaanza kurudi wiki chache baada ya dozi ya mwisho na kwa wengine inachukua miezi. Mimi tamu ilitangulia, chumvi ikafuata, kahawa ndo ilichelewa mpaka nikadhani tumeachana. Wanaopigwa mionzi ya kichwa na shingo wao inachukua muda mrefu zaidi kwa sababu tezi za mate zenyewe zimeguswa. Asijipime kila siku, ajaribu chakula alichokikataa kila baada ya wiki mbili hivi, kikikataa kiwekwe tena.

Bint Chalinze

Sawa dada. Na ule mtori watu wanaosifia unapikwaje? Sisi wa Pwani hatuujui

Mzee wa Kibosho

Hapo mmeniita. Binti, tafuta ndizi mshare mbichi, sio bukoba. Nyama ya mifupa chemsha na kitunguu na chumvi mpaka iachie mfupa, kama mama hataki harufu ya ng'ombe tumia kuku. Toa nyama pembeni, supu ibaki. Menya ndizi, zioshe, zichemshe ndani ya supu hiyo mpaka zilainike kabisa, tia karoti moja ukipenda. Ponda na mwiko wa mti ukiwa bado jikoni, ongeza supu mpaka uwe unamiminika, tia siagi na maziwa kidogo yaliyochemka, nyama ichambue nyuzinyuzi ndogo uirudishe. Pilipili hoho na pilipili kali acha. Uache upoe kidogo ndo umpe, kikombe sio sahani, na unaobaki uweke kwenye friji uumalize kesho yake, ukipasha upashe mpaka utokote.

Bint Chalinze

Mshare Chalinze napata wapi mzee wangu 😩

Mzee wa Kibosho

Malori ya ndizi za Moshi kwenda Dar yanapita hapohapo mjini kwenu. Waulize wauza ndizi wa stendi asubuhi, uwatajie mshare, zisipokuwepo watakuagizia.